Sitini au tisini

Jumamosi moja mwezi wa pili nilikuwa soko la Wakulima nikinunua nyanya. Mama mboga wangu akataja bei, nikampa noti ya mia, akanirudishia arobaini. Nikazihesabu, nikatoa thelathini nikamrudishia.

"Mama, umenizidishia."

"Sijakuzidishia. Nimesema sitini."

"Mimi nimesikia tisini."

"Sitini, mama. Na wiki iliyopita ilikuwa hivi hivi."

Nyuma yangu alikuwa anapita mwenye mkokoteni akipiga mluzi watu wampishe, kwa hiyo nikasingizia kelele za soko. Mama mboga hakubisha. Aliniwekea zile thelathini kiganjani, akanifunga vidole kama mtu anayempa mtoto hela ya dukani.

Yaandike maneno hayo mawili kwenye karatasi uyaangalie. Herufi ni zile zile, irabu zote ni i, ila s na t zimebadilishana viti. Sasa mtu ambaye s haimfikii, na t inamfikia kwa shida, anabaki na i-i-ni, halafu kichwa chake kinajaza kilichobaki kwa kubahatisha. Mimi nilikuwa nabahatisha tisini kila wiki. Angalau sikuwa nabahatisha kwa faida yangu.

Kazi yangu ni msaidizi kwenye kliniki ya meno hapa Nakuru, mtaa mmoja nyuma ya Kenyatta Avenue, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la vipuri vya pikipiki. Nilianza 2006. Wagonjwa hudhani kazi yangu ni kupitisha pamba na kusema "fungua mdomo". Ukweli ni kwamba mimi ndiye ninayeshika bomba la kufyonza mate, sakshoni, muda wote drili inapozunguka, nikipeleka maji, nikivuta shavu na ulimi visije vikakatwa, nikikoroga saruji ya kuzibia, na jioni ninaosha vyombo, ninavitia mafuta na kuviingiza kwenye otoklevu, mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke. Daktari akimaliza kukata jino anainuka, anaangalia eksirei, anapokea simu. Akipumzika huyu anaingia mwingine, maana tuna madaktari wawili na msaidizi ni mimi, na sasa kuna binti mmoja mwanafunzi. Kwa hiyo ukihesabu dakika ambazo mtu anakaa karibu na mlio wa drili, mimi nawazidi wote wawili. Hilo sikuwahi kulihesabu kwa miaka 18.

Na nakaa wapi? Daktari wa mkono wa kulia hukaa nyuma ya kichwa cha mgonjwa, upande wa kulia kidogo. Mimi nakaa upande wa kushoto wa mgonjwa nikielekea kichwani kwake. Mdomo wa mgonjwa unakuwa kushoto kwangu, kama urefu wa mkono hadi kwenye kiwiko kutoka sikioni. Kushoto. Likumbuke hilo.

Wengi wakisikia "kelele kazini" wanawaza kinu cha kusaga unga au karakana ya mabati kule Industrial Area. Baba yangu alikuwa na posho mill Njoro, najua ile kelele. Ile inakupiga kifuani, ukitoka nje unahisi kama umetua gunia. Ya kwetu haikupigi. Ni nyembamba. Inakaa juu kabisa kama uzi, na ukizoea unasahau kama ipo, mpaka inapozimwa ndipo unagundua mabega yako yalikuwa yamepanda.

Siku moja nilipiga hesabu nyuma ya bahasha ya eksirei. Kile kipande cha chuma anachoshika daktari, hendipisi, ndani yake kuna kitabaini kidogo kama punje ya njegere, kinachosukumwa na hewa ya kompresa. Tangu daktari wa Marekani John Borden aingize sokoni tabaini yake ya hewa mwaka 1957, vitu hivi vinaweza kuzunguka mara 300,000 kwa dakika na hata zaidi. Chukua 360,000 ili hesabu iwe rahisi. Gawanya kwa 60. Unapata mizunguko 6,000 kwa sekunde, na sikio linaisikia kama mlio wa hezi 6,000. Mahali ambapo sikio la binadamu huanza kuharibika kwa kelele ni hapo hapo karibu, kati ya hezi 3,000 na 6,000, mara nyingi 4,000. Na huko ndiko zinakokaa s, f, sh na th. Ninaposema uzi mwembamba sitanii.

(Mafundi wa mbao huita drili yao keekee. Ningependa na sisi tungeiita hivyo, kwa sababu jina lenyewe tayari linalia. Lakini mwambie mgonjwa "sasa daktari anachukua keekee" uone kama atabaki kwenye kiti.)

Halafu kuna jambo la Nakuru yetu. Maji ya visima vingi vya huku Bonde la Ufa yana floraidi nyingi, inatoka kwenye mawe ya volkano. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Mtoto akiyanywa maji yaliyozidi hapo wakati meno yake ya ukubwani bado yanajijenga ndani ya fizi, yanaota na madoa, mengine meupe kama chaki, mengine kahawia kabisa. Ukitoka Nakuru ukaenda Mombasa watu wanakujua kwa kucheka kwako. Dayosisi Katoliki ya Nakuru imefanya kazi kubwa ya kutengeneza vichujio vya mkaa wa mifupa ya ng'ombe vya kutoa hiyo floraidi, na nyumba zilizovipata mapema watoto wao unawaona tofauti. Lakini waliokunywa yale maji zamani sasa ni watu wazima wanaotaka kuoa, kuolewa, kwenda usaili. Wanakuja kwetu kufunikwa meno ya mbele, sita au manane kwa mkupuo. Kila jino linakwanguliwa taratibu, mbele, kingo, shingo. Ni kazi nzuri, mtu anatoka akijiangalia kwenye kioo cha simu mpaka anajikwaa ngazini. Lakini ni drili asubuhi nzima.

Na drili si peke yake. Sakshoni ikinasa kwenye shavu inapiga yowe. Skela ya kuondolea ukoko wa meno inatetemeka mara 25,000 hadi 30,000 kwa sekunde, ambayo sikio halifai kuisikia, ila ikigusa jino inatoa mlio unaokufanya ukaze meno yako mwenyewe. Kompresa ilikuwa ndani ya chumba, pembeni ya sinki, ikiunguruma kila hewa inapopungua. Stima ikipotea tunawasha genereta kwenye baraza. Na mtoto wa miaka minne aliyeamua kwamba leo hafungui mdomo anazishinda zote hizo pamoja.

Ningeendelea hivyo hivyo kama isingekuwa Shangazi.

Tulikuwa na hendipisi nne, na kila moja naijua kwa sauti. Sijisifu. Mtu anayetia kitu mafuta kila jioni anakijua. Unaingiza mafuta kwa nyuma, unaizungusha sekunde chache itoe uchafu, unaifuta, na hapo ndipo unasikiliza. Nzima inaimba noti moja safi. Ambayo beringi yake imeanza kulika inaongeza kitu chini ya ile noti, mkwaruzo kama mchanga kwenye mlo. Shangazi niliipa jina hilo kwa sababu ilianza kulalamika kabla haijaguswa. Hendipisi yenye mkwaruzo nilikuwa naiweka kando siku mbili tatu kabla haijafa, na fundi wa Nairobi alikuwa akimwambia daktari, "Huyo mama wako ana masikio." Hilo si jambo dogo. Beringi mbovu inaweza kufanya kichwa cha hendipisi kipate moto, na mgonjwa aliyechomwa ganzi anaungua shavu bila kujua. Anajua kesho yake.

Hata wakati wa kukata jino nilikuwa nafanya kazi kwa sikio. Drili ikiwa hewani mlio uko juu. Ikigusa jino mzunguko unapungua na mlio unashuka. Ikitoka kwenye sehemu ngumu ikaingia kwenye iliyooza, mlio unabadilika tena, na mimi nishasogeza sakshoni kabla daktari hajasema neno. Yeye hakuwahi kunifundisha hilo.

Sasa mwaka jana, mwezi wa kumi na moja, yule binti mwanafunzi alikuwa anaizungusha Shangazi baada ya mafuta. Akasimama.

"Anti, hii inalia vibaya."

Nikamwambia azungushe tena. Nikasikiliza. Noti moja safi.

"Hii? Hii iko sawa."

"Anti, husikii? Kuna kitu kinakwaruza."

Nikaichukua mkononi. Nikaishika kwa vidole viwili karibu na kichwa, nikaizungusha mwenyewe. Sikusikia chochote, lakini vidole vilipata mtetemo ambao haukufaa kuwepo. Binti alikuwa sahihi. Nilimwambia "vizuri, iweke kando", kwa sauti ya mwalimu, nikaenda kuosha trei ambazo zilikuwa zimeshaoshwa.

Usiku huo ndio niliukubali na mlio mwingine. Kwa miezi kadhaa nilikuwa namwambia mume wangu kwamba nyenje wamezidi huku Kiamunyi. Hakuwa ananijibu. Safari hii akanijibu: "Mama watoto, huu ni ukame. Hakuna nyenje hata mmoja." Tukakaa kimya wote wawili tukisikiliza. Mimi nikiwasikia, yeye hawasikii.

Hata hivyo nilichelewa. Nilisukumwa na zile nyanya. Baada ya sitini na tisini ndipo nilikwenda kupimwa, hospitali moja hapa mjini. Wanakufungia kwenye kichumba chenye kuta za godoro, unavaa spika za masikioni, unapewa kitufe: ukisikia mlio, hata mdogo vipi, bonyeza. Mwanzo nilibonyeza kama mchezaji wa kamari. Kisha kukawa kimya, kimya kirefu, nikadhani mashine imekwama, nikamwangalia yule kijana kupitia kioo nimwashirie. Yeye alikuwa anaendelea kuandika.

Karatasi yao inaweka alama ya duara kwa sikio la kulia na X kwa la kushoto. X zangu zilitembea vizuri kwenye sauti nene, pamoja na maduara kama watu wawili barabarani. Zilipofika hezi 4,000 zikatumbukia, halafu kwenye 8,000 zikapanda tena kidogo. Duara nalo liliteremka hapo, lakini si sana. Kijana akaniuliza kama nimewahi kufanya kazi ya kinu. Nikamwambia nililelewa karibu na kimoja. Kiwanda? Hapana. Bunduki? Nikacheka. Unafanya kazi gani? Meno. Akaweka kalamu chini, akauliza, "Unakaa upande gani wa kiti?"

Alinieleza pia kwamba ndani ya sikio kuna vinyweleo vidogo sana, maelfu, vilivyosimama kwenye kitu kilichojikunja kama konokono, ndivyo vinavyopokea sauti, na vikishakufa havioti tena. Kwangu mimi niliyezoea kumwambia mgonjwa "tutaliziba, litakuwa kama jipya", hiyo ilikuwa habari ngumu.

Nisiwe mwongo lakini. Mimi ni mwanakwaya, na kwa zaidi ya miaka kumi nimesimama karibu na spika ya kanisani ambayo kijana wa vyombo huifungulia kana kwamba Mungu yuko mbali. Napanda matatu za hapa mjini kama kila mtu. Nilimuuliza yule kijana kama karatasi inaonyesha ni kelele ipi iliyonila. Akasema haionyeshi, sikio haliandiki majina. Ila spika ya kanisani iko kuliani kwangu.

Nilirudi kazini nikaanza kusoma. Kenya tuna kanuni za kuzuia kelele kazini, za 2005: mfanyakazi asikae kwenye wastani wa desibeli zaidi ya 90 kwa saa 8 ndani ya siku, na mahali pakizidi 85 mwenye kazi lazima awe na mpango wa maandishi wa kulinda masikio ya watu. Wamarekani wa NIOSH, taasisi yao ya usalama na afya kazini, ni wakali zaidi. Wao wanapendekeza 85 kwa saa 8, na kila zikiongezeka desibeli 3 muda unakatwa nusu: 88 saa 4, 91 saa 2, 94 saa 1. Hao hao wana programu ya bure ya kupimia kelele, lakini inaingia kwenye aifoni tu, kwa hiyo ilibidi nimwombe daktari simu yake. Akaniangalia kama nimemwomba gari.

Tulipima wiki nzima, simu ikiwa imening'inizwa begani kwangu kwa pini ya kitambaa. Si kipimo cha mahakamani, lakini kilinifundisha. Drili, sakshoni na kompresa vikikutana namba ilikuwa inapita 85, na siku ya genereta ilipita zaidi. Halafu daktari anazima, tunaandika kadi, mgonjwa anasukutua, na wastani unateremka. Jioni ya kila siku wastani ulikuwa chini ya 85. Kwa kanuni, kliniki yetu iko sawa. Daktari alifurahi, akaniambia, "Unaona sasa?"

Niliona. Niliona kwamba wastani unahesabu na ule muda ninaokunywa chai. Na niliona kwamba masaa manane ya sheria hayana miaka 18 ndani yake. Yeye ni mtu mwema na hana hata miaka 40, alisema, "Mimi mbona nasikia vizuri?" Nikamwambia, "Daktari, wewe unakaa nyuma ya kichwa, na unainuka." Hakunijibu, lakini kesho yake alinikuta nimekaa kwenye kiti changu akaja akainama pale pale, akamwambia binti awashe drili. Alikaa kama dakika moja. Hakusema kitu hapo pia. Wiki iliyofuata fundi alikuja kuhamisha kompresa.

Hiyo ndiyo iliyosaidia zaidi ya yote, na sikuitarajia. Iko nje sasa, kwenye kijibaraza cha nyuma, juu ya mpira mzito, ndani ya sanduku lenye matundu ya hewa. Mwenye saluni ya jirani alilalamika, tukaongeza mpira. Chumba kilipungua kelele mpaka wagonjwa wakawa wanaongea kwa sauti ya chini wenyewe bila kuambiwa. Shangazi tuliistaafisha. Sakshoni nimejifunza kuishika kwa mteremko isinase shavu, na siiwashi mapema kama zamani.

Vizibo vya masikio vilinisumbua. Nilianza na vile vya sponji vya hadiwea, vya rangi ya chungwa, na siku ya kwanza tu daktari aliomba kitu mara mbili nikampa kingine. Zaidi ya hapo sikumsikia mgonjwa, na mgonjwa mdomo ukiwa wazi hana maneno, ana ule mguno wa kooni tu. Msaidizi asiyesikia huo mguno afadhali asiwepo. Baadaye niliagiza Nairobi vile vinavyovaliwa na wapiga muziki, vyenye kichujio ndani, vinavyopunguza sauti zote kwa kiasi kinachokaribiana badala ya kuziba tu. Ghali kidogo. Navyo nasikia mguno, namsikia daktari, na drili inakuwa kama iko chumba cha pili.

Mzee mmoja kutoka Subukia aliniona navivaa kabla hatujaanza. Akashika mkono wa kiti.

"Mama, hata wewe unaiogopa hiyo mashine?"

Nikamwambia, "Nimeishi nayo sana, mzee." Akafikiri, akafungua mdomo.

Ijumaa jioni siku hizi tunafanya kazi ya mafuta wawili. Binti anazungusha kila hendipisi karibu na sikio lake sekunde chache, anasema nzima au mbovu. Mimi nazishika kwa vidole. Mara nyingi tunakubaliana. Tukipishana tunamfuata yeye.

Nilimnunulia na yeye vizibo kama vyangu, kwa hela yangu, nikamkabidhi nikiwa nimemwonyesha ile karatasi ya X na maduara. Alishukuru sana. Alisema vinamwasha kidogo lakini atazoea. Jana nilikuwa natafuta klipu kwenye droo ya chini nikavikuta, bado viko ndani ya pakiti yake.